Juu ya Mto, Juu ya Karatasi

Siku ya kwanza nilifika kazini na sufuria kichwani, maana niliambiwa naenda kupika. Ilikuwa Garsen, kando ya mto Tana, miaka ya hamsini, nami nimeshaachika na sitaki kusikia habari ya mume mwingine. Mjomba wangu alikuwa nyapara wa mzungu mmoja mpima mawe, tuliyemwita Bwana Mawe.

"Huyu anajua tarakimu, Bwana," mjomba akanidhamini. "Na hawezi kukaa kitako."

La pili lilikuwa kweli zaidi. Nilisoma madarasa mawili tu, kisha nikatolewa kwenda kufukuza ndege kwenye mpunga.

Bwana Mawe hakuiangalia sufuria. Alinyoosha kidole kwenye pini niliyofungia kanga. "Hii chuma? Toa."

"Nikitoa, kanga itaanguka."

Mjomba akakohoa. Nikapewa kamba. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi ile: chuma hakisogei karibu na dira. Nyundo na tindo, kile chuma cha kupasulia mawe, ziliwekwa mbali kila dira ilipotolewa, la sivyo sindano yake inadanganyika.

Kazi yenyewe, wanangu, nawaeleza kama nilivyoelezwa. Zamani sana huko juu, upande wa bara, kulikuwa na safu ya milima mirefu. Imelika, imebaki mizizi. Mawe ya mizizi hiyo yalipokuwa ya moto yalikuwa na chembe ndogo za chuma, na yalipopoa, chembe zile ziliganda zikielekea kaskazini ya wakati ule, kama dira zilizokufa zimesimama. Kisha ardhi ikasukumana, milima ikakunjwa, mawe yakageuzwa. Basi ukilitoa jiwe na unajua lilivyokaa, mashine ya ng'ambo itasoma sumaku yake na kukwambia mlima ulizunguka vipi. Lakini usipojua lilivyokaa, una tofali tu.

Kwa hiyo kabla jiwe halijang'olewa huwekewa pima maji ya fundi mwashi, kujua limeinama kiasi gani. Kisha dira. Kisha mshale wa rangi nyeupe na nambari. Mchora mshale nikawa mimi, kwa kuwa mkono wangu hautetemeki. Sufuria akapewa mwingine.

Garsen haina mawe, ni udongo mtupu, kwa hiyo nilifundishwa kwa matofali yaliyopangwa kando ya mto. Bwana Mawe alifungua ramani, akaweka dira juu yake. "Sindano naonyesha juu. Mshale yako kwenda juu. Siku zote juu."

Nikatazama. Kweli, sindano ilielekea kule Tana inakotoka. Sasa sisi watu wa mto tunajua juu ni wapi. Juu ni maji yanakotoka, chini ni yanakokwenda. Hata wenyewe tunaitwa Wapokomo wa Juu na Wapokomo wa Chini. Nikasema moyoni: wazungu hawa! Wametengeneza chombo cha kuwaonyesha mto, na mto huu hapa!

Tukapanda na lori mpaka kwenye miamba, huko mto unakopita kwa kelele. Kambi haikutulia. Leo tunapiga hema, kesho tunalikunja, maana mvua za bara zilikuwa zimeanza na maji yalipanda kila asubuhi. Kisha Bwana Mawe akalala na homa. Alitetemeka, akatuambia kupitia pazia: "Enda. Maliza kabla ya maji."

Dira ilikuwa chini ya mto wake wa kulalia. Mjomba akataka kumwamsha. "Ya nini?" nikamwambia. "Hebu mwache mgonjwa alale. Mimi mto nauona."

Siku tatu tulipasua. Mawe ishirini na mawili, kila moja na mshale ulionyooka.

Bwana Mawe alipoinuka, alifika ukingoni, akatazama mawe, akatazama mto. Pale mto ulikuwa unatoka machweo, si kaskazini.

"Dira iko wapi siku ile?"

Mjomba akaangalia miguu yake. Nikajibu mimi. "Haikuja. Nimechora juu, kama ulivyosema."

"Juu wapi?"

Nikamwonyesha mto.

"Hapana juu ya mto! Juu ya karatasi!" Akaipiga ramani mpaka ikachanika. "Mawe yote kufa! Nyapara, peleka huyu nyumbani. Na wewe mwenyewe fuata yeye."

Uso wa mjomba sijausahau. Alikuwa na miaka kumi na miwili katika kazi hiyo, na mimi nilikuwa nimemmaliza kwa siku tatu. Nikasema moyoni, sitaondoka hapa mimi na mjomba akaadhirika.

"Bwana," nikasema, "jino ulilong'oa unajua lilitoka pengo gani. Nami nayajua mapengo yote. Njoo na dira."

Nikachukua jiwe nambari moja, nikaenda mbio mpaka kwenye mwamba, nikalipachika kwenye pengo lake. Likaingia tii, kila kona na kona yake. Bwana Mawe akachuchumaa, akaweka dira kwenye mshale wangu, akaandika unakoelekea. Nambari mbili. Nambari tatu. Maji yalikuwa yakipanda nyuma yetu, mjomba anabeba, mimi napachika, Bwana anasoma, jasho la homa linamtoka. Siku hiyo hatukula.

Ishirini na moja yalirudi. La mwisho pengo lake lilikuwa limeshazama.

"Hii tupa," Bwana Mawe akasema. Kisha akanipa dira niibebe. "Kesho wewe nasema kaskazini. Sema."

"Kaskazini."

"Nyapara, huyu bado kazi."

Misimu mingine minne niliichora mishale, na dira nilibeba mwenyewe. Niliacha magoti yalipokataa miamba, nikarudi kijijini kwetu Hewani kulima.

Jiwe la ishirini na mbili sikulitupa. Ndilo hilo linalozuia mlango wangu, mnalojikwaa nalo kila mkiingia na simu machoni. Nilipoliweka, mshale niliuelekeza juu, juu yetu sisi, sawasawa na Tana. Tangu hapo mto umehama, sasa unapita nyuma ya choo, na mshale unaelekea kwenye ukuta wa jirani. Msiuguse. Nambari zangu zote ziliandikwa sawa, na hilo moja niacheni nalo. Mto ulikuwa pale.