Sufuria ya Ododo Hekaluni

Mwaka jana chuoni, hapa Korea, kila mwanafunzi wa kigeni aliombwa alete chakula cha kwao. Nilipika maharagwe kwa kufuata video tatu na daftari langu. Sufuria ilirudi imejaa vilevile ilivyoondoka. Niliyamwaga yote pipani, nikamwosha machozi mtu aliyekuwa kwenye kioo, kisha nikampigia mama, aliye kwetu Kosele, Kenya. "Walikipenda sana," nikamwambia. "Hata mimi nimeshiba."

Uongo huo ulinikaa moyoni. Kwa hiyo bibi ninayepanga chumba kwake aliponialika hekaluni kusherehekea siku ya kuzaliwa kwa Budha, nilijibu kabla hajamaliza, "Nitaleta chakula." Sikukuu ilikuwa Jumapili, na Jumatatu ilikuwa mapumziko, kwa hiyo mji mzima ulikuwa umevaa taa za karatasi. Mimi sikuziangalia. Nilikuwa naandika orodha.

Nilimpigia mama kumwambia. Yeye ni mtu wa kanisa.

"Nyara, binti yangu, utapigia sanamu magoti?"

"Nitapika tu, mama."

"Basi pika vizuri. Wasiseme tumelelewa na njaa."

Sokoni nilikuta mchicha, ule ule tunaouita ododo, unaojiotea wenyewe katikati ya mahindi yetu. Huku unafungwa mafungu kwa uzi, kama zawadi. Jumamosi mchana nilikaanga vitunguu vingi hadi vikawa kahawia, nikatia saumu, nyanya, na mboga. Halafu nikafungua mkebe ambao mama alinipakia siku ya kuondoka: omena, wale dagaa wa ziwa letu, kutoka kisiwa cha Takawiri, wamekaushwa na kusagwa. Nilikuwa nimewaweka kwa ajili ya siku kubwa. Kumpa mgeni majani matupu, sisi watu wa ziwa, ni kama kumwambia hukumtarajia. Nilimimina nusu ya mkebe.

Bibi alifungua mlango bila kubisha, pua mbele.

"Hiyo ni nini?"

"Chakula cha hekalu, halmoni." Ndivyo tunavyowaita bibi huku.

Alichungulia, akashika kifua. "Samaki? Unampelekea Budha maiti kwenye siku yake ya kuzaliwa?" Kisha akanusa tena. "Na vitunguu! Na saumu! Binti, umekosea kila kitu. Hata ungetaka kukosea makusudi usingeweza hivi."

Akacheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilijifundisha Kikorea peke yangu, nyuma ya duka letu la nafaka mjini Oyugis, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Nilijua majina ya wafalme wao. Sikujua kwamba watawa wao hawali nyama wala samaki, wala vitunguu wala saumu. Nilimwambia sitakwenda, naumwa.

"Unaumwa aibu," alisema. "Hiyo mboga nitakula mimi nyumbani. Pika nyingine."

Nilimpigia mama. Kwetu ilikuwa asubuhi, nilisikia kuku.

"Mama, mboga bila vitunguu, bila samaki, bila chochote, itakuwaje?"

"Kwani bibi yako wa huku kwetu alikuwa na vitunguu? Chemsha, tia njugu uliyosaga, tia chumvi, uache moto mdogo ufanye kazi. Kesho pasha tena, ndiyo itakuwa tamu. Na hilo daftari lifunge."

"Njugu kiasi gani?"

"Hadi mkono wako uchoke kuogopa."

Nilifunga daftari. Nilisaga njugu kwa chupa, zikabaki na chembechembe, nikajizuia kurudia. Jumapili nilipasha, nikabeba sufuria mapajani ndani ya basi, nikaiweka mwisho kabisa wa meza ndefu ya hekalu, karibu na ndoo ya uchafu. Ilikuwa karibu na pale ilipozoea kuishia.

Watu walipanga foleni na bakuli za wali, wakijiwekea mboga juu. Mzee mmoja alichukua kijiko kimoja cha ododo. Akasimama. Akarudi nyuma ya foleni, akiwa na bakuli mkononi, akatafuna huku akiwaambia wenzake waionje. Halafu mtawa mpishi, mwanamke mwenye kichwa kilichonyolewa na mikono mipana ya mkulima, akaja na kuuliza nani kapika. Nilitaka kuomba msamaha kwa zile chembechembe. Bibi akanisukuma mgongoni.

"Huyu wangu!" akapaza sauti. "Wa Afrika! Jana alitaka kumlisha Budha samaki!"

Meza nzima ilicheka, na safari hii nami nilicheka. Mtawa alikwangua sufuria kwa mwiko hadi ikalia, akala kilichobaki akiwa amesimama.

Nilimpigia mama palepale uani, chini ya taa.

"Mama, hata mimi mwenyewe sijaonja! Nina njaa!"

Alipiga kigelegele hadi simu ikakwaruza. Nikamwambia kuhusu maharagwe ya mwaka jana, yote, hadi pipa.

"Nilijua," alisema. "Siku ile uliniambia umeshiba."