Kanzu ya Baharia

Nilisikia maji yakikamuliwa uani kabla sijamwona bibi. Alikuwa akifua kanzu ya baba yake, baharia wa meli ya mizigo iliyozamishwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Huifua kila mwaka, siku ya hitma yake. Kwetu nguo za marehemu hugawiwa, lakini hii haikugawiwa, kwa kuwa maiti hakuonekana. Ukungu wa hapa kwetu Ibighi, milimani, haukuiacha ikauke, nikaimalizia kwa pasi ya mkaa.

Mwaka huu tulisoma hitma watu wanne tu. Tulipomaliza, bibi akamkabidhi shehe ile kanzu.

"Na mwenyewe akirudi, bibi?" shehe akauliza.

"Nimechoka kumfulia, mwanangu. Ivae, ila usinenepe."

Shehe akacheka, akaikumbatia, akatoka. Bibi akaufunga mlango mwenyewe, taratibu.