Neno Ambalo Tache Hakulitamka

Wanaouliza kama marehemu mume wangu aliiba kitabu chake humtaja Tache kana kwamba alikuwa malaika. Hawakumjua. Mimi nilimjua, na nitaeleza maisha yake yalivyokuwa, pamoja na sehemu yangu.

Tache alizaliwa Kinna na akaolewa hukohuko na mtoto wa mzee Jarso. Wakati wa vita vya shifta mifugo yao iliisha yote, kisha mumewe akafa. Alikuja Isiolo, akapanga chumba Bulla Pesa, akawa anauza maziwa ya ngamia. Alikuwa mwembamba na mwenye mdomo mkali. Mteja akilalamika kwamba maziwa yana maji, alimjibu, "Basi enda ukamue mwenyewe. Ngamia yuko Kinna, anakungoja."

Mwaka wa 1979, serikali ilipotaka kila mtu mzima ajue kusoma, mume wangu alipewa darasa la ngumbaru hapa shuleni Wabera. Tache alikaa mbele kabisa. Mwaka haujaisha, alikuwa akiandika vizuri kuliko wanafunzi wangu wa darasa la saba. Aliandika maneno ya Kiborana ambayo watoto wa mjini walikuwa wameanza kuyasahau: jina la kamba ya kufungia ndama, na jina jingine la kamba hiyohiyo ikishakatika. Alijaza daftari kumi na moja.

"Mama Madina," aliniambia siku moja jikoni kwangu, "mimi Mungu hakunipa mtoto. Hizi ndizo zitabaki na jina langu."

Mume wangu alizichukua azisahihishe. Alizipanga kwa alfabeti, akaongeza maana kwa Kiswahili, akaandika dibaji, akatafuta mchapishaji Nairobi. Ilikuwa kazi ya miezi kumi, na siruhusu mtu aidharau. Kitabu kilitoka mwaka wa 1981 kikiwa na jina lake peke yake. Nilipomuuliza kuhusu Tache, alisema, "Jina la mama wa maziwa kwenye jalada? Nani atakisoma?" Sikumpinga. Mwaka uliofuata alifariki.

Tache alingoja eda yangu iishe. Siku iliyofuata alikuja, akanisalimia vizuri, akaomba jina lake liwekwe kitabu kitakapochapishwa tena. Nilimwambia sina mamlaka. Akamwendea karani mmoja, akaandikiwa barua kwa mchapishaji.

Mchapishaji akamtuma mhariri, Bedan Kaimenyi, Mmeru asiyejua Kiborana ila maneno mawili matatu ya sokoni. Wiki moja kabla hajafika nilikisoma kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa, na nikaona jambo ambalo mume wangu hakuliona. Neno *jarsa*, yaani mzee, halikuwemo. Mahali pake paliandikwa neno la mwenye mvi.

Kwetu mke hatamki jina la baba wa mumewe, wala neno lolote linalofanana nalo, mpaka anaingia kaburini. Hata mimi, pamoja na elimu yangu, la baba mkwe wangu sijalitamka. Mume wangu alikulia bwenini, akanakili bila kushtuka. Lakini mke yeyote wa Kiborana angekifungua kitabu kile na kujua kwamba kimeandikwa na mke wa nyumba ya Jarso. Ilikuwa kama sahihi yake.

Nilipanga mkutano uwe Ijumaa saa saba, wanaume wakiwa msikitini, ili asiwepo mzee wa kueleza mwiko huo. Tulikaa watatu katika darasa tupu.

"Habari, mama," Kaimenyi alisema. "Ni wewe unasema hii kitabu ni yako?"

"Maneno ni yangu. Mwalimu alipanga. Weka majina mawili, tumalize."

Lilikuwa ombi la haki. Ndiyo maana niliingilia upesi. "Bwana Kaimenyi, aliyekusanya maneno elfu mbili hawezi kushindwa na moja. Mwulize mzee anaitwaje kwa Kiborana."

Kaimenyi akacheka. "Hiyo hata mimi nimeisikia sokoni. Haya, mama, sema."

Tache alinitazama. Kisha akasema polepole lile neno la mwenye mvi.

"Huyo ni mwenye mvi," nilisema. "Hakuulizwa mambo ya nywele."

"Sema neno lenyewe, mama."

"Siwezi."

"Huwezi ama hujui?"

"Kwetu mke hataji. Mama Madina anajua. Dada, mwambie."

Nilimgeukia Kaimenyi. "Mimi ni Mborana, tena nimeolewa. Neno ni *jarsa*. Umenisikia nimelitamka?"

"Nimekusikia."

Kila nilichosema kilikuwa kweli. Baba mkwe wangu hakuitwa Jarso. Tache alijifunika mdomo kwa mtandio, kana kwamba nimemtemea mate.

Kaimenyi alifungua kitabu. "Lakini hata hapa halimo."

"Kosa la chapa," nilisema, nikampa karatasi ya masahihisho niliyoiandaa. Alinishukuru, akafunga faili.

Nje Tache aliniuliza, "Basi daftari zangu?"

"Daftari gani?"

Zilikuwa kwangu, ndani ya sanduku la bati. Jumapili yake nilizitumia kuwashia jiko, zote kumi na moja.

Binti yangu Madina ameniuliza kama baba yake alikuwa mwizi. Baba yake alichukua daftari. Aliyelifungia nje jina la Tache ni mimi, na kama kuna lawama, iletwe mlangoni pangu, isipelekwe kaburini kwake.

Habari haikukawia kufika Bulla Pesa. Vijana walimpa Tache jina la Mama Hajui. Walimfuata na maswali: "Mama Hajui, maji ni nini? Mama Hajui, mbuzi anaitwaje?" Mwanzoni aliwatukana, na matusi yake ya Kiborana yalikuwa ya kina kuliko kitabu. Baadaye akaacha kuwajibu.

Nilimkuta sokoni mwaka wa 1986, amekaa nyuma ya chupa zake. Nilimsalimia kwa Kiborana, salamu ndefu ya heshima, naye akaisikiliza mpaka mwisho.

"Chupa ngapi, mwalimu?" aliuliza kwa Kiswahili.

Nilijaribu tena kwa Kiborana. Akapangusa mdomo wa chupa kwa kitambaa, macho yake chini.

"Mimi hiyo lugha sijui," alisema. "Chupa ngapi?"

Nikamwambia mbili.