Mama Salatiga na Maji ya Moto

Kwa miaka sita Wigati hakuwahi kumwambia mtu yeyote mtandaoni "nunua kwangu", na ndiyo sababu walinunua. Kiwanda alichofanyia kazi kule Pedan kilifuma vitambaa vya kuchujia maziwa ya soya. Wateja wake, wapika tofu, ile jibini ya soya, wa kisiwa cha Java, walikutana kwenye jukwaa moja la mtandaoni lililosimamiwa na Mzee Darmaji, mpika tofu mstaafu wa Kediri. Mzee huyo hakuwa na masihara na wachuuzi. Sheria yake aliitoa kwenye juma la masoko la Kijava, lenye siku tano: mwenye bidhaa ataitangaza siku ya Pon tu, mara moja kila siku tano. Siku nyingine zote jibu maswali ya watu au nyamaza.

Wigati alijibu. Uzi ukikatika, vitundu vikiwa vikubwa mno, kitambaa kikilegea, aliulizwa yeye, naye alieleza kwa subira mpaka mtu aelewe. Alikuwa binti wa mfumaji, uzi aliujua. Ila kitambaa kikishafika kwa mpika tofu, yaliyokipata huko hakuyajua, wala hakuna aliyewahi kumuuliza. Tangu azaliwe hakuwa amechemsha hata kikombe kimoja cha soya.

Mwezi ule ushirika wa wapika tofu wa Kediri, viwanda arobaini kwa mpigo, ulikuwa unachagua kitambaa kipya, na mwenye neno la mwisho alikuwa Mzee Darmaji yuleyule. Bwana Sutikno, mwenye kiwanda, akaja mezani kwa Wigati akitafuna kipande cha tempe, soya iliyochachushwa ikakaangwa.

"Dada Wigati, jukwaani umegeuka mwalimu. Mimi sikuajiri mwalimu."

"Bosi, keshokutwa ni Pon. Nitatangaza."

"Ukitangaza wewe, ni muuzaji anajisifu. Nataka mteja atusifu. Ushirika ukienda kwingine, hapa ulipokaa nitaweka majora ya kitambaa."

Tatizo ni kwamba mteja aliyeridhika haandiki kitu, yuko kazini. Wanaoandika ni wenye malalamiko. Basi Wigati, mwanamke ambaye hata foleni ya choo hakuwahi kuiruka, akafungua akaunti ya pili, akaiita Mama Salatiga, akaandika: "Napika tofu mwaka wa tisa huu. Kitambaa cha Pedan ni kiboko. Kila jioni nakifua kwa maji ya moto, asubuhi kinakuwa kama kipya." Alisoma mara mbili, akaridhika. Shuka zake za nyumbani alizifua hivyohivyo.

Asubuhi ya Pon alifungua jukwaa akakuta majibu sitini na mawili.

"Mama Salatiga, hiyo tofu unaipika au unaiota?"

"Mwaka wa tisa wa kupika nini, mama? Uji?"

Mwingine, mwenye huruma kidogo, alieleza: "Kitambaa cha soya ni maji baridi kwanza. Ukikimwagia ya moto, mabaki yanaivia humohumo kwenye uzi na vitundu vinaziba. Hilo kila mpika tofu analijua."

Chini kabisa aliandika Mzee Darmaji. "Huyu si mpika tofu. Kuna mtu anatuchezea. Dada Wigati, wewe wateja wako unawafahamu. Huyu mwanamke unamjua?"

Hakuna aliyemshuku, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mzee alikuwa amemwita awe shahidi, kwa sababu katika miaka sita hakuwahi kumshika na uongo. Bwana Sutikno alikuwa amesimama nyuma yake, anasoma juu ya bega lake.

"Andika humjui."

"Bosi..."

"Kwani utakuwa umedanganya? Mtu mwenyewe hayupo, utamjuaje? Andika, dada. Viwanda arobaini hivyo."

Wigati akaandika: "Simjui, Mzee." Kulikuwa kumebaki kubonyeza tu, na ushirika ungekuwa wao, na Mama Salatiga angesahaulika kufikia Pon ijayo. Kabla hajabonyeza, ujumbe mpya ukatokea.

"Shikamooni wakubwa. Mimi ni Painah wa Boyolali, nimeanza kazi hii mwezi uliopita. Nilisoma maneno ya Mama Salatiga, jana nikafua vitambaa vyangu vyote ishirini kwa maji ya moto. Leo maziwa hayapiti kabisa. Pipa zima la soya limekaa hapa linachacha. Naombeni msaada, nifanyeje?"

Wigati alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni. Alifuta neno alilokuwa ameandika. Bwana Sutikno alimwita jina lake mara mbili, ya pili kwa sauti ya chini sana, naye hakugeuka.

"Namjua," aliandika. "Mama Salatiga ni mimi. Sijawahi kupika tofu. Dada Painah, nisamehe. Nakuletea vitambaa leo."

Akabonyeza.

Mzee Darmaji akajibu: "Siku thelathini na tano hutaandika hapa, Dada Wigati, ndiyo adhabu ya muuzaji mwongo. Ushirika utanunua kwingine. Na yale maneno ya Mama Salatiga usiyafute. Yaache watu wayasome."

Bwana Sutikno alikuwa ameshaondoka. Huko stoo Wigati alimsikia akiagiza majora yaletwe.

Alifunga vitambaa ishirini nyuma ya pikipiki yake, akashika njia ya Boyolali. Kwa Painah alinusa soya iliyochacha kabla hajashuka. Painah alikuwa mwanamke mwembamba, macho mekundu kwa moshi. Alitazama mzigo, kisha akamtazama aliyeuleta.

"Ndiyo wewe Mama Salatiga?"

Wigati alitaka kutaja jina lake mwenyewe, lile la miaka sita. Akaliacha.

"Ndiyo mimi."

Painah hakutukana wala hakumkaribisha kiti. Alimsogezea ndoo kwa mguu.

"Vile vya jana viko pale ukutani, labda kimojawapo kitapona. Kunja mikono ya blauzi yako. Maji baridi yako kisimani."