Mume Wangu Aliyejua Sheria za Uhamiaji

Viza yangu ilikuwa ya miezi mitatu. Nikakaa miaka kumi na moja, ghorofa ya chini kabisa ya hoteli, kwenye chumba cha kufulia, nikipiga pasi mashuka ya watu wanaoingia na kutoka nchi za wenzao kama wanavyoingia chooni.

Kila nikimwambia mume wangu nimechoka, narudi nyumbani, alikuwa na jibu moja. "Usijaribu, mke wangu. Ukitoka tu wanachukua alama za vidole, wanakufungia. Hurudi tena huko."

Alisema kweli, sheria ilikuwa hivyo. Uongo ningeushtukia mapema.

"Shoga," aliniuliza mwenzangu wa kukunja mashuka, naye hana kibali, "mumeo kazi yake nini?"

"Fundi baiskeli."

"Sasa uhamiaji kausomea kwenye mnyororo?"

Tukacheka, lakini neno likanikaa rohoni. Binti yetu alipoolewa, usije. Mama yangu alipozikwa, usije, utaharibu. Nyumba niliyoijenga kwa pasi ilipokwisha, usije, picha zinatosha. Mume gani hamtamani mkewe miaka yote hiyo?

Kesho yake, saa ya chakula, nikampigia. "Wamenikamata, wamenirudisha. Nimeshashuka, nipo uwanja wa ndege. Njoo unichukue."

Akauliza, "Wamekufungia?"

Hakuuliza kama nimeumia, wala kama nimekula.

"Wamenifungia."

"Basi fikia kwa dada yako kwanza. Hapa kuna mafundi, vumbi tupu. Nisikilize, mama watoto, usije leo."

Nikamwambia natania, nipo kazini. Akashusha pumzi mpaka nikaisikia, akacheka. "Ungeniua kwa presha."

Pumzi ile ndiyo iliyonikatia tiketi.

Shoga yangu akanisihi. "Mlango huu ukifungwa ndiyo basi. Na huko ukimkuta mwingine kitandani kwako?"

"Ndicho ninachokifuata."

Uwanjani, ofisa akaisoma hati ya safari niliyoiomba ubalozini, akanitazama. "Mama, umezidisha muda sana. Ukitoka hapa hutaruhusiwa kuingia tena. Unaelewa?"

"Naelewa, mwanangu. Nimefundishwa na mume wangu."

Akanionyesha kioo cha kuweka vidole. Mashine ikavikataa, pasi ilikuwa imevilainisha, havina mistari. Nikavifuta kwenye gauni, nikavikandamiza tena kwa nguvu mpaka ikavikubali.

Safari hii sikumpigia simu.