Kiti cha Pili cha Gari Jekundu

Kwanza niseme jambo ambalo watu wa kwetu hupenda kulisahau: gari lilikuwa langu. Nililinunua Moshi kwa jasho langu, kutoka kwa mkulima mmoja wa kahawa, Mzungu, aliyekuwa anarudi kwao. Kabla ya kulipa nilifungua injini yote na kuifunga tena mbele ya macho yake, naye akabaki ameshika kikombe cha chai bila kunywa. Wakati huo nilikuwa na diploma ya ufundi wa mitambo niliyoisomea Nairobi, na upande wetu wote wa Tarime sikumjua mwingine mwenye nayo. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Nilianza kwa kuosha magari ya watu, nikaishia kutengeneza yale yaliyowashinda wenyewe.

Lilikuwa gari la spoti la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, jekundu, la chini sana. Ukikaa ndani ungeweza kuokota jiwe barabarani bila kufungua mlango. Juu lilikuwa na turubai iliyochoka, na ndani viti viwili tu, vimebanana kiasi kwamba bega la dereva na la abiria hayakuachana safari nzima.

Nilikuwa na sababu ya kulileta nyumbani. Huko ukweni kwangu, Nyanungu, alisifiwa mtu mmoja tu, naye hakuwa mimi. Alikuwa shemeji yangu, mtoto wa kaka yake mama mkwe. Alijifunza udereva jeshini, na baada ya vita akawa anaendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa Tarime, akikusanya ngozi za ng'ombe vijijini. Nikienda ukweni na diploma yangu na suruali iliyonyooshwa, mazungumzo yalikuwa yale yale: dereva wetu kasema hivi, dereva wetu kapita jana akapiga honi. Honi! Mtu anabonyeza honi, anakumbukwa wiki nzima. Mimi nilijua honi inavyofanya kazi ndani yake, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Mke wangu mwenyewe, akisikia lori linaunguruma kule mlimani, aliacha kupepeta ulezi akaenda kusimama mlangoni.

Mwaka ule mdogo wake wa mwisho alikuwa anaingia jando. Kwa Wakurya siku hiyo hakuna anayebaki nyumbani. Nyanungu yote ingekuwa barabarani kuwasindikiza vijana. Nikapanga safari yangu nifike asubuhi ile ile, bila kumwambia mtu. Nilitaka wasikie mngurumo, wageuke wakimtazamia dereva wao, wanione mimi nyuma ya usukani.

Kutoka Moshi hadi Arusha haikuwa shida. Kupanda Ngorongoro rejeta ilichemka mpaka nikawa nasimama kila kona. Huko Serengeti mbegu za nyasi ziliziba rejeta, nikazitoa moja moja kwa njiti. Bomba la maji lilipopasuka nililifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, nikaendelea. Fundi wa kawaida angeliacha gari pale likaliwe na kutu. Twiga mmoja alisimama kando ya njia akanitazama huko chini kama mtu anayechungulia kisima.

Nilipita Ikoma, nikafika Nata mchana wa siku ya kuamkia jando, gari likiunguruma vizuri, mimi nikiwa mwekundu kwa vumbi kuliko rangi yake. Na pale, mbele ya duka, nikaona lori la ngozi limesimama. Shemeji alikuwa amelala chali chini yake, miguu nje.

"Mura!" alipiga kelele alipotoka, yaani kijana kwa Kikurya. "Hicho nini umepanda? Beseni?"

"Ni gari, shemeji. Langu."

"Langu nini! Mbona halijamaliza kukua?" Akalizunguka, akapiga teke gurudumu, akapapasa usukani bila ruhusa. "Lakini zuri. Zuri kabisa. Litakufaa ukiwa mzee, hutahitaji ngazi."

Kisha akapunguza sauti. "Shangazi yuko hapa."

Nikageuka upesi nikatazama upande mwingine. Mama mkwe wangu alikuwa nyuma ya nyumba ya pili, nyumbani kwa binti yake mkubwa aliyeolewa Nata. Alikuja kumhudumia baada ya kujifungua. Shemeji ndiye aliyetakiwa kumrudisha Nyanungu siku mbili zilizopita, lakini springi ya lori ilikatika njiani na ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kuifunga kwa kamba. Kwa mwendo wa lori lile bovu wangefika kesho mchana. Kijana angeshatoka, angeshakatwa, angekuwa njiani akirudi kwa nyimbo, na mlango ambao mama ndiye humpokelea mwanawe ungekuwa umefungwa.

Sauti yake ilitoka nyuma ya ukuta. "Wewe, mtoto wa kaka. Hicho kigari kinakimbia?"

"Kinakimbia, shangazi. Ukisimama mbele yake utadhani ni upepo."

"Basi mwambie mwenye nacho. Mwambie huyo ndiye wangu wa mwisho, sina mwingine wa kutoka. Nani atampokea?"

Yote niliyasikia. Nilikuwa umbali wa hatua chache, nimewapa mgongo, natazama ukuta wa duka. Hakusema nami wala nisingeweza kumjibu. Asiyejua mila yetu ataona ni mchezo, lakini Mkurya anaelewa: mkwe hakutani uso kwa uso na mama wa mke wake, hata chombo hampokei mkononi. Sembuse kukaa naye bega kwa bega kutoka Nata hadi Nyanungu! Kama gari lingekuwa na kiti cha nyuma, angejifunika kanga akageuzia uso kule. Halikuwa nacho. Ningeshauri apande juu ya turubai?

"Mimi ni mtoto wake," shemeji alisema, na nikaona ameshaelewa kabla yangu. Macho yalikuwa yanameta. "Mimi naweza kukaa naye. Wewe lete lori taratibu."

"Unajua gia za gari hili?"

"Gia ni gia, mura."

"Si kweli. Hapa ya kwanza inaingia nyuma, na klachi—"

"Mwambie mwenye gari," ilisema sauti nyuma ya ukuta, "jua linashuka."

Niliwaza kuondoka peke yangu, nifike kama nilivyopanga. Halafu wakwe wangeniuliza: hukumwona mama huko njiani? Nikatoa ufunguo. Nilimpa mkononi huku nimeugeuza uso, nikasikia mlango ukifungwa, nikasikia gia zangu zikilia kama mbuzi. Akapiga honi. Bila shaka akapiga honi.

Nikaendesha lori. Ngozi zilikuwa mbichi nusu, nzi walinifuata kuanzia Nata. Kwenye pantoni ya mto Mara mwenye kuivusha aliniambia kwa furaha, kama zawadi: "Dereva wenu amepita na gari jekundu! Kweli yule mtu ni dereva." Mjini Tarime asubuhi nilisimama kuongeza maji, wanawake wa sokoni wakanisimulia habari za gari langu mwenyewe, namna lilivyozunguka soko mara mbili. Mara mbili, na mama mkwe ndani. Nilipopita kijiji cha Turwa, mzee mmoja niliyemwamkia shikamoo aliniuliza kama naijua bei ambayo dereva wetu alilinunulia.

Nyanungu niliwakuta barabarani. Vijana walikuwa wanarudi, wanatembea polepole, watu wamewazunguka kwa nyimbo, na nyuma yao gari langu, limefungwa majani mbele, shemeji nyuma ya usukani na kofia yake ya jeshi. Nikasogeza lori niingie katika msafara. Mwanamke mmoja akanipungia fimbo.

"Wewe wa ngozi, baki huko huko! Unanuka!"

Mke wangu alikuwa miongoni mwao. Alinitambua, akaja hadi dirishani akicheka kwa mshangao. "Umetokea wapi na lori? Umeona gari alilokuja nalo ndugu yangu?"

Jioni, nikiwa nimekaa nje ya ua na kibuyu cha pombe ya ulezi, nilimsikia mama mkwe akisema na mke wangu ndani, kwa sauti kubwa ya kunifikia. "Mwambie bwana wako nilikuwa mlangoni mwanangu aliporudi. Mwambie Mungu ambariki." Akaongeza: "Na mwambie huyu kijana wetu anaendesha vizuri sana."

Nilitumia wiki nzima kutengeneza ile gia.

Kwetu miaka ya jando haihesabiwi kwa namba. Kila mwaka hupewa jina la jambo lililotokea. Wale vijana sasa wana mvi, na ukiwauliza walitahiriwa lini, wanataja mwaka wa gari jekundu la shemeji yangu, wakitaja na jina lake kabisa. Nimejaribu kuwasahihisha, misibani na harusini. Nawauliza ufunguo alipewa na nani.

"Lakini, mzee," wananiambia, "si wewe ndiye uliyekuja na lori la ngozi?"