Moto Haujui Mlango wa Nani

Dada yangu hupiga pasi kwa dobi tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Mikono yake inaweza kumwangusha ng'ombe, lakini sauti yake hata paka haimtishi. Aliyeimaliza sauti hiyo ni mama. "Mwanamke haropoki," alikuwa akimwambia, na mimi niliyeropoka nilichapwa mpaka nikazoea. Dada akatii, akaitwa Mpole, akasifiwa, akaposwa kwa ajili ya upole huo huo. Nikimkumbuka aliyemposa, mate ya kutema yananijaa mdomoni.

Shemeji yangu, namwita hivyo kwa kukosa tusi linalotosha, alimpiga miaka na miaka. Mwishowe Dada akahama, akapanga chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji wengi, ua mmoja, bomba moja. Talaka bwana hakutoa, na huko huko akamfuata. Kila alipofika aliwasalimia majirani mmoja mmoja kwa adabu zake zote, akaingia, akafunga mlango kwa ndani. Alichotaka ni mkewe arudi. Alichotaka Dada ni kile chumba tu, na ufunguo wake mwenyewe.

Mwenzake wa kazini akampeleka kwa Koplo, askari polisi mstaafu, mama mfupi mwenye goti bovu, aliyefundisha wanawake kujilinda katika ukumbi wa shule kila Jumamosi. Nilikwenda kumsindikiza tu, nikanogewa.

"Akikushika mkono usivute ovyo," Koplo alisema. "Vutia upande wa kidole gumba. Hapo ndipo mshiko wake ulipo na mlango."

Dada alijaribu kwangu, nikabaki nimeshika hewa. Tulicheka mpaka machozi.

"Na polisi je?" mmoja akauliza.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," Koplo akajibu, naye alikuwa fimbo hiyo maisha yake yote.

Kisha likaja somo la kelele. Wanawake wengine walipayuka, vioo vikatikisika. Dada akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mtu anayeazima chumvi kwa jirani.

"Sasa hapo atatoka nani?" Koplo akamuuliza.

"Hata nikipiga kubwa majirani hawatoki. Nilishawaita."

Koplo akamsogelea. "Basi usiseme nisaidieni. Sema moto. Moto haujui mlango wa nani, watatoka wenyewe."

Siku zile Dada akawa anafanya mazoezi ya kelele kazini, kichwa amekitumbukiza ndani ya kabati la mashuka. Dobi mwenyewe alidhani amepandisha mashetani.

Shemeji alikuja Jumapili mchana, watu wakifua uani. Akasalimia, akaingia, akafunga mlango, akamkamata mkono. Dada akauzungusha upande wa gumba, ukachomoka. Bwana akashangaa, kisha akamkaba shingo. Hapo ndipo Mpole, mtoto wa mama aliyefundishwa asiropoke, akapiga "Moto!" iliyosikika mpaka barabarani.

Ua mzima ulikuja mbio. Fundi viatu na shoka, Mama Pacha na ndoo ya maji, wengine na mchanga. Wakavunja mlango. Wakamkuta bwana amemkaba mkewe ukutani.

Mnadhani walimkamata? Fundi viatu alisema, "Moto uko wapi?"

Shemeji akamwachia, akajifuta jasho, akawaomba radhi kwa usumbufu, akapita katikati yao akiaga. Wakampisha.

Jioni mama mwenye nyumba akaitisha kikao uani. Nilikuwepo, nimekalia ndoo iliyogeuzwa, nimeuma ulimi. Lawama zote zilikuwa za mlango uliovunjika na uongo uliosemwa. Shingo ya Dada ilikuwa imevimba mbele ya macho yao, hakuna aliyeitaja.

"Mambo ya mtu na mumewe unayatangazia moto?" Mama Pacha akasema. "Nimewaacha watoto wangu kwenye beseni! Wagombanao ndio wapatanao, dada yangu. Ungesema kweli tu."

"Nilisema kweli mara zote zile," Dada akajibu. "Niliwaita mmoja mmoja. Hamkusikia?"

Mama Pacha si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Yeye ndiye aliyejibu.

"Tulisikia."

Dada akaambiwa ahame mwezi ukiisha. Nilitukana matusi yote niliyoyajua, nikatolewa kikaoni. Hayakusaidia kitu, ila yalinipoza roho.

Tulizunguka sana. Chumba tulichokipata ni chembamba, dirisha linatazama ukuta. Dalali akatuonyesha choo, akatuonyesha bomba, Dada hakuvitazama. Alimwendea mama mmoja aliyekuwa akiosha vyombo mlango wa pili, akamsalimia kwa ile sauti yake ya kuazima chumvi.

"Samahani, mama. Nikipiga kelele, mtatoka?"

Yule mama akamtazama, akasuuza sufuria, akalipima swali kwa haki kabisa.

"Una mume?"

Dada akaugeukia mlango wa kile chumba chembamba.

"Sina."

"Basi tutatoka."